Nimeona kwa Macho Yangu

Ndugu msomaji, katika maneno yanayosemwa baina ya watu hapana lenye uzito kama la mtu asemaye, "Nimeona kwa macho yangu." Neno hili hukata mabishano barazani, huvunja ndoa, humpeleka mtu kifungoni. Kadhi anapomwita shahidi humwuliza kwanza: uliona, au ulisikia? Na kama aliona, alisimama wapi, palikuwa na mwanga gani, na baina yake na jambo lile palikuwa na kizuizi gani. Wazee wetu nao wamesema kusikia si kuona, wala hawakuona haja ya kuongeza neno.

Lakini leo wako watu, na idadi yao si ndogo, ambao kazi yao ni kusema "tumeona" juu ya vitu ambavyo jicho la mwanadamu halijapata kuviona wala halitaviona. Hawa ni wataalamu wa hadubini. Je, neno lao ni ushahidi, au ni dhana iliyovishwa kanzu ya ushahidi? Na likiwa ni ushahidi, ni masharti gani yanayompasa mwenye kuutoa? Suala hili si la wataalamu peke yao, kwani sisi tulio majumbani ndio tunaonunua, tunaomeza dawa na tunaosomesha watoto kwa kulitegemea neno lao.

Ili tusizungumze hewani natwaa mfano mmoja, nao ni wa seli ya jua inayotiwa rangi. Nimeuchagua kwa sababu ndani yake mambo yote mawili yamekutana: kitu chenyewe kinafanya kazi kwa mwanga, na wanaokichunguza wanahangaika na mwanga huo huo usiotosha kuwaonyesha.

Seli za jua tunazoziona juu ya mapaa siku hizi, nyeusi au za buluu, aghalabu zimetengenezwa kwa silikoni. Humo kazi mbili, ya kunasa mwanga na ya kusafirisha umeme, hufanywa na kitu kimoja, na kwa hiyo kitu hicho lazima kisafishwe mno, kwa moto mkali na kwa gharama. Katika seli hii nyingine kazi zimegawanywa. Rangi hunasa mwanga, na unga mweupe husafirisha umeme. Unga wenyewe ni oksidi ya titani, ule ule unaotiwa katika rangi ya ukuta na katika dawa ya meno. Weupe wake ndio udhaifu wake, kwani kitu cheupe ni kile kinachourudisha mwanga wote unaoonekana. Unga huu hula miali ya urujuanimno tu, nayo ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Basi ukatiwa rangi kama kiganja kinavyotiwa hina.

Na hina hapa si mfano tu. Watafiti wamekwisha kuijaribu hina yenyewe, na maji ya rozela, na maji ya matunda ya porini yenye rangi ya zambarau. Umeme hutoka, lakini ni kidogo. Rangi za mimea aghalabu hazigeuzi hata sehemu 2 katika 100 za nguvu ya mwanga, tena hupauka upesi. Rangi zilizoipa seli hii sifa zimeundwa katika maabara, na ndani yake mna madini adimu yaitwayo rutheni.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1873 Hermann Vogel, mjini Berlin, alitambua kuwa bamba la kupigia picha lisilohisi rangi ya kijani huanza kuihisi likitiwa rangi inayofaa. Mwaka 1887 James Moser wa Vienna akaonyesha kuwa hila hiyo hiyo hufaa katika kupata umeme kutokana na mwanga. Kisha, katika miaka ya 1960, Wajerumani Heinz Gerischer na Helmut Tributsch wakalichunguza jambo hilo kwa kutumia oksidi ya zinki. Lakini wote waligonga ukuta mmoja. Rangi ikipakwa tabaka moja tu juu ya uso laini, mwanga mwingi hupita bila ya kunaswa. Ikipakwa tabaka nyingi, ile ya juu haiugusi unga, na rangi isiyougusa unga haina wa kumkabidhi ilichokinasa.

Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1991, pale Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi, na mwenzake Brian O'Regan walipochapisha khabari zao katika jarida la Nature. Waliuacha uso laini, wakatumia sifongo. Tazama jiwe la matumbawe tunalojengea nyumba zetu za pwani: kwa nje ni kipande cha dhiraa moja, lakini ndani yake mna vijitundu na vijia visivyohesabika, na ndiyo maana hunywa chokaa kama mwenye kiu. Sifongo la Grätzel ni matumbawe ya namna hiyo, ila vijitundu vyake ni vidogo kupita kiasi. Unene wake ulikuwa mikromita 10, yaani kama sehemu ya kumi ya unene wa karatasi. Lakini uso wake wa ndani, kama ungeweza kukunjuliwa, ulikuwa mkubwa mara 780 kuliko uso wake wa nje. Seli ile iligeuza kuwa umeme zaidi ya sehemu 7 katika 100 za nguvu ya mwanga ulioigizwa wa jua. Watu walistaajabu, kwani iliundwa kwa vitu vya bei nafuu.

Namna inavyofanya kazi, kwa ufupi, ni hii. Mwanga ukiipiga rangi, chembe moja ya rangi humwachia elektroni wake aingie katika punje ya unga, na hayo hupita katika muda ambao mara nyingi haufiki sehemu moja ya bilioni elfu ya sekunde. Huyo elektroni hana dira. Huhama kutoka punje hadi punje kama mgeni aliyepotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mpaka abahatike kutokea kwenye kioo kilichopakwa kitu kipitishacho umeme. Kutoka hapo hupita katika waya, akawasha taa, akarudi kwa upande wa pili, ambako maji yenye iodini humpokea na kumrudisha kwa rangi iliyopungukiwa. Hatari iko njiani. Safari ya vichochoroni huchukua sehemu za elfu za sekunde, na muda wote huo maji yale ya iodini yamo ndani ya vijitundu, yamemzunguka. Akinaswa nayo kabla ya kutoka, mwanga wake umepotea bure.

Sasa tuulize swali la kadhi. Ni nani aliyeyaona haya?

Jicho halikuyaona. Hadubini ya kawaida ya vioo pia haikuyaona, na haitayaona hata ikatengenezwa kwa ustadi gani. Mwaka ule ule wa 1873 Ernst Abbe wa Jena alieleza kuwa mwanga wenyewe una ukubwa wa wimbi lake, na vitu vilivyokaribiana zaidi ya takriban nusu ya wimbi hilo huchanganyika vikawa kitu kimoja. Mpaka huo ni karibu nanomita 200. Punje za sifongo letu zina nanomita kama 20. Chini ya hadubini ya vioo, basi, mtu huona ukungu mweupe, na akisema ameona punje amesema uwongo.

Mwaka 1931 Max Knoll na Ernst Ruska, tena mjini Berlin, waliunda hadubini isiyotumia mwanga ila elektroni, na badala ya vioo wakatumia sumaku. Kwa chombo hicho na vizazi vyake punje zilidhihiri. Lakini hebu tutazame seli inavyotayarishwa kabla ya kuingizwa humo. Kwanza huvunjwa au hukatwa. Maji yake ya iodini huondolewa, kwani ndani ya chombo hamna hewa, na maji hayakai pasipo na hewa. Hukaushwa. Aghalabu hupakwa utando mwembamba wa dhahabu au kaboni ili elektroni zisirundikane juu yake zikaiharibu picha. Ndipo hutazamwa. Kinachoonekana, kwa hakika, si unga wenyewe bali ni joho la dhahabu lililovishwa unga. Wala si seli iliyo hai, bali ni maiti yake iliyooshwa na kupambwa.

Msomaji asidhani kuwa ninaibeza kazi hiyo. Maiti hufundisha mengi. Kwa picha hizo ilijulikana kwamba unga ukichomwa kwa moto wa nyuzi 450 hivi, punje huota shingo ndogo zinazoziunganisha, na bila ya shingo hizo elektroni hana pa kupita. Ilionekana pia kuwa ubandiko ukikauka kwa pupa hupasuka nyufa kama tope la mkoko wakati wa kiangazi, na kila ufa ni daraja lililovunjika. Fundi asiyeziona nyufa hizo angeilaumu rangi bure kwa miaka. Iko na hadubini nyingine ya elektroni, ambayo hupitisha miali yake katika kipande chembamba kisichofika nanomita 100. Hapo mistari ya atomu za titani huonekana imepangana kama nyuzi za mkeka, nafasi baina yao nanomita 0.35. Mimi nikiitazama picha ya namna hiyo husahau kula. Hata hivyo ni kivuli, kama vivuli vya watu ukutani vinavyolaliana asijulikane aliye mbele na aliye nyuma, na ili kupata umbo lenyewe hugeuzwa kipande kidogo kidogo na kupigwa picha nyingi, kisha kompyuta ikakisia kilichokuwamo.

Na rangi iko wapi, ile ambayo kwayo seli imepata jina? Haipo katika picha hizo. Chembe ya rangi ni kama nanomita moja na zaidi kidogo, na miali ya elektroni huiunguza. Isitoshe, elektroni hazijui nyekundu wala kijani. Kila picha ya hadubini ya elektroni iliyo na rangi nzuri katika kitabu au gazeti ilizaliwa kijivu, ikatiwa rangi baadaye na mkono wa mtu.

Chombo cha tatu hakitazami kabisa, hupapasa. Mwaka 1981, huko Zürich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliunda hadubini yenye ncha kali mno inayopitishwa juu ya kitu kwa karibu sana bila ya kukigusa, ikipima umeme mdogo unaoruka baina yake na kitu hicho. Mwaka 1986 wawili hao na mzee Ruska walishirikiana Tuzo ya Nobel ya fizikia, na mwaka huo huo ikachapishwa khabari ya dada yake, hadubini inayopima nguvu ya mguso. Hizi ni fimbo ya kipofu. Kwa fimbo hiyo chembe za rangi zimepapasika moja moja juu ya oksidi ya titani. Lakini juu ya kipande laini, kisafi, si ndani ya vijitundu vya sifongo. Wako pia waliotumia ncha zinazopitisha umeme, wakaimulika seli iliyokauka na kupima ni sehemu gani inatoa umeme na ipi imekufa. Hapo ndipo fimbo imekaribia sana uhai wa seli, na hata hapo maji ya iodini hayamo.

Basi mtu mwenye haraka anaweza kusema: hawakuona kitu. Mmoja ameona maiti, wa pili kivuli, wa tatu amepapasa ukuta, na wote wametoka wakatuhadithia juu ya elektroni anayepotea vichochoroni. Hii ni hadithi ya bibi.

Hukumu hiyo siikubali, na aliyenifundisha kutoikubali alikufa zamani. Al-Hasan Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965 na akafariki Misri karibu na mwaka 1040. Katika Kitab al-Manazir alithibitisha kuwa tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni, si kwa miali inayotoka jichoni kama walivyodai wengi kabla yake. Lakini jambo kubwa zaidi, kwa suala letu la leo, ni kwamba alituonyesha kuwa kuona kwenyewe si kitendo kimoja. Jicho hupokea, kisha akili hulinganisha, hukumbuka na huhukumu, kwa haraka ambayo mwenye jicho haitambui. Ukimwona nduguyo kwa mbali ufukweni ukasema "yule ni Ali", hukumwona Ali. Umeona umbo na mwendo, ukahukumu. Alitenga sehemu nzima ya kitabu chake kwa makosa ya kuona, akayataja masharti ya kuona kwa usahihi: umbali uwe wa kiasi, mwanga utoshe, kitu kisiwe kidogo mno, hewa iwe wazi, muda wa kutazama utoshe, na jicho lenyewe liwe zima. Tazama jinsi masharti hayo yanavyofanana na maswali ya kadhi kwa shahidi!

Ikiwa hata jicho linahitaji masharti na hukumu, basi tofauti baina ya jicho na hadubini si tofauti baina ya kuona na kubuni. Ni tofauti ya urefu wa njia. Jicho lina hatua tatu au nne kabla ya kufikia "nimeona". Hadubini ya elektroni ina hatua ishirini, na katika kila hatua yupo mtu aliyefanya jambo. Kwa hiyo mwenye hadubini hanyimwi haki ya kusema ameona. Linalomlazimu ni kuzitaja hatua zake.

Zaidi ya hayo, hategemei shahidi mmoja. Tuseme picha zimeonyesha vijitundu vya ukubwa fulani. Mtu mwingine, asiyeitazama picha, hupitisha gesi ya naitrojeni katika sifongo lile na kupima kiasi kilichoshika kwenye kuta zake, akapata ukubwa wa uso wa ndani. Wa tatu huiosha rangi kwa magadi makali, akapima jinsi maji yalivyogeuka rangi, akahesabu chembe zilizokuwamo. Mashahidi watatu, njia tatu, kila moja na aina yake ya kukosea. Wakikutana katika neno moja, itakuwa taabu kudai kuwa wamepatana kudanganya. Wanachuoni wetu wa zamani waliopima khabari kwa kutazama wingi na mbalimbali wa wapokezi wake wasingekuwa wageni katika maabara hii.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hatari kubwa haitoki kwenye chombo.

Fikiri mwanafunzi aliyeketi mbele ya hadubini siku nzima. Amepiga picha mia. Katika tisini mna nyufa na madonge. Katika kumi sifongo limetulia vizuri. Anachapisha moja, nzuri kuliko zote, na chini yake anaandika: sura ya utando. Hakubadilisha hata nukta moja. Je, amesema kweli?

Tupige hesabu. Picha inayoonyesha punje vizuri huwa na upana kama mikromita 5. Sentimita ya mraba moja ya seli ina nafasi za picha kama hizo 4,000,000. Aliyechapisha moja ametuletea shahidi mmoja kutoka mji wenye watu milioni nne, tena amemchagua mwenyewe baada ya kuwasikiliza mia moja. Mchuuzi wa maembe anayepanga mazuri juu ya kikapu hajaongopa kwa ulimi; kila embe unaloliona ni embe kweli. Lakini hapana mnunuzi wa Mwembetanga wala wa Malindi atakayemwita mwaminifu pindi akifika chini ya kikapu. Kwa maoni yangu mwanafunzi huyo ni sawa na mchuuzi yule, na udhuru wa kwamba "wote hufanya hivyo" haumwondolei dhima, kwani wachuuzi wote pia hufanya hivyo.

Na rangi zinazotiwa katika picha za kijivu? Hapa mimi si mkali. Bibi harusi hutiwa hina, na hapana aoaye akidhani amezaliwa nayo. Kama imeandikwa chini kuwa rangi imetiwa ili kutenganisha unga na kioo, huo ni ufundi wa kueleza. Kama haikuandikwa, na msomaji akaachwa aamini kuwa seli ina mishipa ya dhahabu ndani yake, basi hiyo ni ghiliba.

Jambo hili lina gharama. Mwaka 2002 kamati iliyoundwa na Bell Labs, Marekani, ilikuta kuwa Jan Hendrik Schön, kijana aliyesifiwa duniani kwa majaribio yake ya umeme katika chembe za kikaboni, alikuwa ameghushi matokeo. Michoro ya majaribio mbalimbali ilikuwa na mitetemo ile ile ya bahati nasibu, jambo lisilowezekana. Kabla ya hapo watu katika nchi nyingi walikuwa wamepoteza fedha na umri wao wakijaribu kurudia ambalo halikutokea. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake wawili walitoa matokeo ya kukagua makala 20,621 za elimu ya viumbe na tiba: asilimia 3.8 zilikuwa na picha zenye kasoro, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kuchezewa kwa makusudi. Bi Bik alizikagua kwa macho yake mwenyewe. Katika zama za vyombo vyote hivi, aliyewakamata wenye kughushi ni jicho la mwanamke mwenye subira.

Upande wa seli ya rangi nao una mfano, na huu ni wa kupendeza zaidi. Seli za majaribio ni ndogo mno, pengine robo ya sentimita ya mraba, na kioo chake ni kinene kuliko utando wenyewe. Mwanga ukiingia kwa pembeni kupitia kioo, seli hunasa zaidi ya fungu lake, na mpimaji akagawa kwa eneo dogo, sifa ikapanda pasipo na stahili. Dawa yake ni kitambaa cheusi, yaani kifuniko chenye tundu la kipimo kinachowekwa juu ya seli. Mwaka 2006 makala iliyoonyesha jinsi kifuniko hicho kinavyobadilisha hesabu ilichapishwa, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Grätzel mwenyewe. Mwenye kikapu amekigeuza kikapu chake mbele ya watu. Wangapi wetu sokoni wangethubutu?

Kwa kuwa tumesema juu ya uaminifu, na mimi niseme yaliyo kweli juu ya bidhaa hii, asije mtu akauziwa maneno. Seli ya rangi haikuiondoa silikoni sokoni. Bei ya silikoni ilishuka sana, na paneli zake za kawaida leo hupita asilimia 20. Iodini ya majimaji huvuja na hula metali. Hata hivyo seli hii haikufa. Ukuta wa kioo wa jumba la mikutano la chuo kile cha Lausanne uliwekewa seli hizo za rangi rangi, kiasi cha mita za mraba 300, mwaka 2014. Na katika jarida la Nature la mwaka 2023 watafiti wa huko huko waliandika kuwa wamepita asilimia 15 katika jua, na kati ya asilimia 28 na 30 katika mwanga hafifu wa ndani ya nyumba, ambao seli ya rangi huumudu vizuri. Siri yao ilikuwa kupaka kwanza utando wa chembe nyingine ili rangi mbili zipangane vizuri juu ya unga. Kupangana huko, ndugu msomaji, ni kwa chembe za nanomita moja.

Limebaki suala la vijana wetu. Chuo chenye hadubini ya elektroni si kila chuo, khasa katika nchi zetu. Kijana hutengeneza seli yake hapa, kwa rangi ya mmea wa hapa, kisha huipeleka vipande vyake mbali kwa barua au kwa mkono wa msafiri. Baada ya miezi huletewa picha tano. Hakuketi mbele ya chombo. Hakuona zile picha zilizoachwa. Hajui kama aliyekata alikata katikati au ukingoni. Naye, kwa desturi ya makala, huandika: "tuliona." Je, huyu ni shahidi, au ni mpokezi wa khabari kutoka kwa shahidi? Mimi naona ni mpokezi, na hapana aibu katika kupokea. Elimu yote imetufikia kwa mikono ya wapokezi. Aibu ni kujiweka katika kiti kisicho chake.

Wengine wamejaribu kuimaliza mashaka hii kwa kuiingiza seli hai ndani ya hadubini ya elektroni. Wameunda vijisanduku vyenye madirisha membamba ya nanomita chache makumi, maji yakafungiwa katikati, miali ikapitishwa. Majimaji huonekana kweli. Lakini miali yenyewe huyavunja maji na chumvi zilizomo, vikatokea viputo na vitu vipya ambavyo havikuwapo kabla ya kutazamwa, na mtafiti hulazimika kutenganisha kilichofanywa na seli na kilichofanywa na kutazama kwake. Kwa hiyo hupunguza miali mpaka picha inakaribia kuwa giza, hupiga tena, hulinganisha, na chini ya kila picha huandika kwa herufi ndogo nguvu ya miali, muda wa kumulika, na kama kipande kilikuwa kikavu au kimelowa. Herufi hizo ndogo ndizo ninazozisoma kwanza.